Kiuno cha Inchi Ishirini na Sita

Nilikwenda kwenye matanga ya Memsaab Surjit ili nihakikishe kwamba amekufa kweli. Nasema hivi mapema ili msomaji anayependa visa vya msamaha afunge kitabu hapa, akajipikie chai. Aliyenipigia simu ni Jassi, binti yake, ambaye siku hizi ana mvi na sauti ya watu wa Leicester. Alisema mama alilala na hakuamka, sala ni Jumamosi, na angefurahi kuniona. Nikavaa gauni langu jeusi la hariri, nililolishona mwenyewe, nikafunga duka langu la nguo za harusi Kangemi, nikaenda kwa teksi hadi hekalu lao la Kalasinga. Tulivua viatu, tukafunika vichwa, tukaketi kwenye zulia jeupe, wanawake upande wao na wanaume upande wao, na mmoja baada ya mwingine wakasimama kumsifu marehemu. Mkono wa kutoa. Mama wa kila mtu. Hakuna aliyeondoka mlangoni pake na njaa. Hapo nilikohoa, na bibi mmoja aliyekuwa karibu nami akadhani nalia, akanipa leso yake. Nikaipokea. Baadaye tulikula dengu na mkate wa moto, sote chini kwa mstari mmoja, tajiri na mfagiaji, kama dini yao inavyotaka, na zile dengu zilikuwa tamu, siwezi kuzisingizia. Lakini kila kijiko kilinirudisha kwenye mwaka mmoja ambao katika nyumba ya huyo mama wa kila mtu nilizirai mara tisa, na hakuna hata mara moja niliyoulizwa kama nimeumia. Nimezika wengi katika miaka yangu sitini, na wengi wao nimewasamehe. Huyu bado.

Mwaka huo ulikuwa wa themanini na saba. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikifanya kazi ya nyumba Spring Valley, katika nyumba ya mawe yenye ua wa kayaba mrefu hivi kwamba aliyepita barabarani aliona paa tu. Nilitoka wapi na nilifikaje hakuna haja ya kueleza, nilifika. Nilipewa chumba kwenye kota ya wafanyakazi, nyuma, karibu na tangi la maji. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali ili sanduku langu la bati liingie chini yake, dirisha lilikuwa na ukubwa wa sinia, na ukuta ulitoa jasho msimu wa baridi. Nilikipenda chumba kile kuliko ninavyoipenda nyumba yangu ya sasa, kwa sababu kilikuwa na kitasa na ufunguo ulikuwa wangu peke yangu. Aliyenitangulia kazini aliitwa Felista. Habari zake nilipewa na Memsaab mwenyewe siku yangu ya kwanza, kwa sauti ileile aliyotumia kunionyesha mahali pa kuweka ufagio. "Felista alipata mimba. Mimi nafukuza yeye siku hiyo hiyo, godoro yake iko barabarani mbele ya chai ya saa kumi. Wewe nasikia?" Nilisikia. Ndiyo sababu mwezi wa sita, nilipokosa siku zangu kwa mara ya pili, jambo la kwanza nililofanya ni kuushika ule ufunguo mfukoni. Baba wa mtoto, Shem, alikuwa fundi wa mbao kwenye ujenzi Kericho, na kazi yake ingeisha Krismasi. Aliahidi kurudi anioe, na alirudi, sitamsingizia. Lakini Krismasi ilikuwa mbali, na sehemu niliyokuwa nayo ya kulala ilikuwa hiyo moja tu. Kwa hiyo mimba yangu ilikuwa na kazi moja, nayo ni kutoonekana mpaka Krismasi.

Balaa lilianzia kwenye nguo. Jassi alikuwa mwaka wa tatu masomoni Uingereza, na kabla ya kuondoka alikuwa amenigawia magauni yake ya zamani. Alinipa kwa moyo mweupe, akiyakunjua moja moja na kuniambia lipi lavaliwa na sweta gani, na yote yalinikaa bila kubadilisha mshono. Siku moja Memsaab alinikuta naanika nguo nikiwa nimevaa lile la buluu. Akasimama. Nilidhani atanivua. Badala yake alinizunguka mara mbili, kisha akaenda kumwita fundi. Jassi alikuwa aolewe mwezi wa kumi na mbili na kijana wa Loresho, na mitihani yake ingemweka Uingereza hadi siku tatu kabla ya sherehe. Fundi Ramadhani wa Majengo alikuwa amekwisha kuleta cherehani yake na kuiweka varandani, kwa maana katika nyumba zile fundi wa harusi huja kukaa kwa msimu mzima, anapewa chai na kivuli, anashona mpaka bibi harusi atoke. Alinivutia tepu kifuani, begani, mkononi, nyongani. Jassi alikuwa ametuma vipimo vyake kwa barua, na fundi akavilinganisha na vyangu. Kiuno, inchi ishirini na sita. Vyote sawa. Memsaab akapiga makofi. Tangu hapo nilikuwa na kazi mbili: asubuhi nilikuwa mfanyakazi, na mchana nilikuwa Jassi.

Kazi ya kuwa Jassi ilikuwa kusimama. Nilisimama juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, mikono ikiwa mbali na mwili, fundi akinizunguka na pini, Memsaab akiwa kwenye kiti cha miwaa na kikombe chake. Siku za kusimama sikuruhusiwa kula wala kunywa chochote tangu nilipoamka mpaka fundi amalize. "Tumbo ikiwa tupu, kiuno nakaa sawa," alisema, na mikono ambayo haijashika chakula haitii hariri mafuta. Alikuwa na akili sana mama yule, akili ya kupanga, na kama angezaliwa mwanamume angeongoza jeshi.

Mara ya kwanza nilianguka mjini. Tulikwenda Biashara Street kuchagua hariri, kwenye duka jembamba lililojaa majora ya vitambaa mpaka darini, likinuka wanga na ubani. Nilisimama mbele ya kaunta tangu saa tatu na nusu, mwenye duka akinitupia begani nyekundu hii na nyekundu ile, Memsaab akitikisa kichwa kwamba hapana, nyekundu zaidi. Alikuwa ameletewa chai ya viungo. Ile harufu ya iliki ndiyo iliyonimaliza. Sauti zao zikaanza kwenda mbali, rangi za vitambaa zikawa vidoa vidoa, jasho la baridi likanitoka kwenye mdomo wa juu, nami nikawa najiambia, simama Rispa, simama. Nilipofumbua macho nilikuwa chini, mdomo umepasuka kwa ukingo wa kaunta, na Memsaab ameniinamia kwa mikono yote miwili. Nilimshukuru Mungu kwamba ananiinua. Kumbe alikuwa anavuta kitambaa kutoka chini yangu, polepole, kwa uangalifu, kisiguse damu. Alipokwisha kukiweka salama kwenye kaunta ndipo aliponitazama.

"Fungua mdomo," akasema.

Nikafungua. Akaniinamia mbele ya mwenye duka na wanunuzi wawili, akaweka pua yake karibu na meno yangu, akanusa.

"Pombe?" mwenye duka akauliza.

"Sisikii. Labda ni chang'aa ya jana. Hawa wa Kangemi, Jumapili yote ni kunywa."

Wale wanawake wawili wakajifunika pua kwa mitandio. Mimi niliyekuwa naimba sauti ya kwanza kanisani, niliyekuwa sijaonja hata busaa ya matanga! Wahenga husema kuteleza si kuanguka, lakini mimi sikuteleza, niliangushwa na njaa yake, na kwa malipo nikanuswa kama maziwa ya jana. Wachungaji watatu kwa nyakati mbalimbali wameniomba niutue mzigo huo. Nimewaambia sijachoka kuubeba.

Alhamisi, siku yangu ya mapumziko, nilikwenda kwa miguu hadi zahanati moja Kangemi. Kulikuwa na benchi refu lililong'arishwa na makalio ya akina mama, mizani iliyokuwa ikigonga, na nesi mnene aitwaye Sista Agneta ambaye sauti yake ilisikika hadi langoni, kwa hiyo siri za kila mmoja wetu zilikuwa za benchi zima.

"Unaanguka ukifanya nini, mama?" akaniuliza. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita mama.

"Nikisimama, Sista."

"Unasimama wapi?"

"Kwa kreti ya soda."

Aliweka kalamu chini. Nilimweleza yote, naye akacheka mpaka kiti kikalia, kisha akaacha kucheka ghafla. "Sikia. Mimba inashusha presha. Ukisimama wima kama mlingoti wa stima, damu inateremka miguuni, kichwa inabaki bila. Lazima uanguke. Kwa hivyo usisimame kama mlingoti. Cheza na vidole vya miguu ndani ya kiatu, kaza mapaja, badilisha mguu. Kula kidogo kidogo, usikae njaa hata siku moja, na maji unywe mingi. Ukiamka kitanda, kaa kwanza kabla hujasimama. Na ukisikia macho inaingia giza, usijikaze kwa sababu ya aibu. Kaa chini. Kama huwezi kukaa, lala, ubavu wa kushoto, mpaka ipite yenyewe." Akanivuta kope ya chini, akatazama, akanihesabia vidonge vya kuongeza damu. "Huyo mama anajua?"

"Hajui. Akijua, siku hiyo nalala nje."

Sista Agneta alivifunga vile vidonge kwenye kipande cha gazeti. Hakunihubiria. "Basi kula," akasema, akaita wa pili.

Nilimtii nusu. Vidole vya miguu nilivichezesha mpaka viatu vyangu vya turubai vikatoboka mbele, lakini kula siku za kusimama sikuthubutu. Mwezi wa nane, hariri ilipokwisha kukatwa na kuanza kubandikwa mwilini mwangu kwa pini, nilianguka kutoka kwenye kreti mara tatu kwa juma moja. Mara ya tatu pini ilinichoma ubavuni na tone la damu likaingia kwenye bitana. Memsaab hakupaza sauti. Alikwenda ndani, akarudi na mtandio wake wa zamani wa kijani, akaupitisha chini ya kwapa zangu, akanifunga kwenye nguzo ya varanda kwa mafundo mawili.

"Sasa anguka," akasema, akarudi kwenye kiti chake.

Redio ya jikoni ilikuwa kwenye kipindi cha salamu. Nilisimama hapo nimefungwa huku watu wa Busia wakiwasalimu watu wa Nakuru na watu wa Nakuru wakiwasalimu shangazi zao, mpaka salamu zote zikaisha. Mtoto alikuwa na miezi mitatu na nusu. Nilimwambia moyoni kwamba haya ni ya leo tu, ayasahau, mimi nitamkumbukia. Fundi Ramadhani alikuwa ameingia uani kuswali adhuhuri. Aliporudi na kuniona alisimama, kisha akachomoa pini zilizokuwa kifuani pa kanzu yake, moja moja, akizitia kiganjani.

"Memsaab," akasema, "mimi nashonea watu. Sishonei mbuzi wa kuchinjwa."

"Wewe fundi, kazi yako ni sindano."

"Basi sindano yangu inakwenda nyumbani." Akafungua yale mafundo, akaanza kufunika cherehani yake. Memsaab alijua kwamba hakuna fundi mwingine Nairobi nzima angeweza kupitisha uzi wa dhahabu namna ile, kwa hiyo akatabasamu, akamwitia chai. Mimi sikuitiwa.

Jioni ile nilisukuma chapati zao jikoni kama kawaida. Nilikula moja nikiwa nimesimama, bila kitu. Nikala ya pili na maharagwe. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Mimi nilikula ya tatu, na nilipoimeza nilijua nimeamua. Gauni lile lilikuwa fahari ya Memsaab. Alikuwa amelisifia Westlands nzima, uzi wake umetoka India, miezi mitatu ya mkono wa fundi, kiuno kinachobana kama kimemiminwa, mama mkwe wa Loresho atanyamaza mwenyewe akiliona. Nikasema, sawa. Unanihitaji kwa sababu mwili wangu ni wa Jassi. Basi tuone mwili huu ni wa nani. Kuanzia siku hiyo nilikula kila siku ya kusimama, uji alfajiri, ndizi saa nne, njugu kwenye mfuko wa aproni, maji kutoka bomba la bustani, kisha nikapanda kwenye kreti na kuliachia tumbo lipumzike mbele. Sikulibana hata kidogo. Mwanangu angepimwa kwa hariri.

Wiki mbili baadaye tepu ilisema ishirini na saba na nusu. Fundi Ramadhani aliisoma mara mbili, akanitazama usoni, akamgeukia Memsaab. "Kiuno kimeongezeka. Hakilingani na barua."

"Kiuno haiwezi kuongezeka, huyu hakuli. Tepu yako ni kuukuu, imevutika."

"Tepu nimeinunua Idi iliyopita."

"Fundi, hapana bishana. Barua ni namba tu, na picha ya juzi Jassi amenona uso. Wewe fuata mwili. Mwili hapana danganya."

Alipoingia ndani kupokea simu, mzee yule aliinama kwenye pindo la gauni akaongea na miguu yangu. "Binti, nimepima viuno miaka arobaini. Cha chapati hunenepa pembeni. Chako kinanenepa mbele."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nakuuliza wewe. Nifuate barua au nikufuate wewe?"

"Amekwambia ufuate mwili."

"Nimesikia. Na siku hiyo atakayelia ni msichana aliyekupa hilo gauni la buluu."

Nilikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimelala nalo na kuamka nalo. "Atalia siku moja tu," nikamjibu. Sijivunii jibu hilo, wala silifuti. Fundi Ramadhani akasema Mungu atuhifadhi sote, akatunga uzi.

Jambo la ajabu ni kwamba kisasi kilinitibu. Nilianza kwa chuki, lakini chuki ile ilinilisha mara nne kwa siku, ikaninywesha maji, ikanimezesha vidonge vyangu kwa wakati. Mwezi wa tisa nilianguka mara moja tu. Mwezi wa kumi sikuanguka kabisa. Sista Agneta alinivuta kope akasema damu imepanda, akaniuliza nimefanyaje, nikamwambia nina jambo ninalolisubiri. Kiuno kilipofika thelathini Memsaab alitangaza gauni limekwisha, likafungwa kwenye shuka jeupe na kuwekwa kabatini kwa ufunguo. Tangu hapo sikusimama tena kwenye kreti. Nilivaa sweta kubwa la Shem juu ya aproni, nikasugua sakafu, nikapika, nikahudumia wageni wa kila siku waliokuja kuimba, na tumbo likakua mbele ya macho ya watu wote. Hakuna aliyeliona. Mtu asiyetazamwa anaweza kuficha hata ng'ombe.

Jassi alifika Jumatano. Ijumaa ilikuwa siku ya wakwe kuja kutoka Loresho kumfunika mtandio mwekundu, na asubuhi ile gauni lilitolewa kwenye shuka lake. Varanda ilikuwa imejaa maua ya rangi ya machungwa. Shangazi wawili kutoka Kitisuru walikuwa wameketi kando, mikono imejaa hina. Fundi Ramadhani alikuwa kwenye cherehani yake akimalizia pindo za mitandio, na mimi niliingia na sinia la chai wakati uleule Jassi alipotoka chumbani. Gauni lilimning'inia kama gunia la viazi lililobaki nusu. Kiunoni paliweza kuingia mtoto mwingine, na ndivyo ilivyotakiwa.

Nilikuwa nimeusubiri wakati huo miezi minne. Nilisimama na sinia langu nikingoja utamu. Memsaab alishika hariri kwa ngumi, akaivuta, akaiachia, kisha akageuka, na macho yake yakapita juu yangu kama yanavyopita juu ya mlango. Yakamwangukia fundi.

"Wewe! Mimi nilisema tepu imevutika! Mzee kipofu, umeharibu mtoto yangu! Kuanzia leo hakuna nyumba itakuita. Loresho, Kitisuru, Westlands, mimi nitaambia kila mtu."

Na angeambia. Sote tulijua. Fundi Ramadhani alinitazama mara moja, mara moja tu, kisha akatazama mikono yake. Jassi alikuwa analia mdomo umefungwa, machozi yakidondoka kwenye uzi wa dhahabu. Nami nikahisi hasira ambayo sijawahi kuihisi tena. Wanangu, ninapowasimulia, hupenda kuamini kwamba nilimhurumia yule mzee. Nilimhurumia, ndiyo, lakini si hilo lililonifungua mdomo. Nilishindwa kuvumilia kazi yangu ipewe mtu mwingine. Nilipanga, nikala, nikabeba, nikasubiri, na yule mwanamke alikuwa anaadhibiwa na mimi bila kujua kwamba ni mimi.

Nikaweka sinia chini. Nikavua sweta, nikafungua aproni.

"Memsaab, tepu haikuvutika. Fundi alipima mimi."

Nikaichukua ile tepu shingoni mwa fundi, nikaizungusha tumboni kwangu, nikamshikisha ncha yake. "Soma."

Alisoma. Niliona midomo yake ikitaja namba. Kisha macho yake yakapanda kutoka tumboni hadi usoni pangu, yakakaa hapo, na nadhani katika miaka miwili niliyomfanyia kazi hiyo ndiyo mara ya kwanza aliyojua nina uso wa namna gani. Shangazi mmoja akaanza kucheka, akajiziba kwa mkono, hina ikampaka pua.

"Kwa nini hapana sema?" Memsaab akauliza, sauti ya chini.

"Ningesema ungenifukuza."

"Ndiyo. Siku hiyo hiyo."

"Basi nimelala kwako miezi sita zaidi. Ulininusa mdomo, Memsaab. Ungenitazama tumbo."

"Toka."

Jassi ndiye aliyenisimamisha. Aliniita kwa jina, akaniuliza kwa Kiswahili chake kizuri cha utotoni, "Rispa, mimi nilikukosea nini?" Swali hilo, katika kisa hiki chote, ndilo jambo pekee linaloniuma. Nikainama kuokota aproni yangu. Fundi Ramadhani akakohoa, akasema yule mtoto avue gauni, asilie, kwa sababu pembeni hakuweka dhahabu, aliacha mshono mtupu makusudi, na akipewa saa mbili atalirudisha kwenye inchi za barua. Nilimchukia mzee yule kwa muda wa kama dakika mbili. Kisha nikaenda kota, nikavuta sanduku langu kutoka chini ya kitanda, nikauacha ufunguo mlangoni.

Mlango wa wafanyakazi ulikuwa nyuma, lakini nilitoka kwa mbele, kwenye njia ya magari iliyomwagiliwa maji na kupambwa kwa wageni. Jua lilikuwa la utosini. Tangu alfajiri sikuwa nimekula, maana siku ile nilikuwa na shauku kuliko njaa, na nilipofika kwenye geti lililoachwa wazi nikaanza kusikia ile baridi kwenye mdomo wa juu, na sauti za nyumbani zikienda mbali. Nyakati nyingine zote nilijikaza. Safari hii nilitua sanduku, nikakaa chini, na kukaa kulipokuwa hakutoshi nikalala, ubavu wa kushoto, katikati ya geti, kichwa kwenye sweta la Shem. Sikuwa nimekaa hata dakika tatu hapo magari ya Loresho yalipokata kona, matatu, yamefungwa riboni, wanawake wakiimba ndani. Wakapiga honi. Sikuinuka. Wakapiga tena. Kisha mlango ukafunguliwa na mama yake bwana harusi akashuka, mwanamke mfupi mwenye miwani, akaniinamia na kuniuliza nimepatwa na nini.

"Mimi ni mfanyakazi wa hapa," nikamwambia kutoka chini. "Nina mimba ya miezi saba. Nimesimamishwa sana."

Akanyanyuka, akatazama nyumbani. Memsaab alikuwa anashuka mbio kwenye njia na viatu vyake vya dhahabu, mikono amekwisha kuikunjua kwa ajili ya kukumbatia wakwe, na tabasamu likimdondoka kadiri alivyokaribia. Mkwe wake akamwambia jambo kwa lugha yao, fupi, na neno la maji nililielewa. Memsaab akageukia nyumba akafungua mdomo kuita, na kwa mazoea jina lililomtoka lilikuwa langu. Hakukuwa na mtu mwingine wa kutumwa. Ikambidi arudi mwenyewe, mguu kwa mguu, wakwe wote wakiwa wameshuka wamesimama na masinia yao ya peremende, kisha akaja tena na glasi juu ya kisahani, akapiga magoti kwenye changarawe na hariri yake, akaninyooshea.

Kizunguzungu kilikuwa kimekwisha kitambo. Nikajiinua kwa kiwiko, nikayanywa maji yale taratibu mpaka chini, nikamrudishia glasi, nikamwomba ya pili.